Kioo cha Nyuma Kutoka Kinbrace

Tangu nirudi, siwezi kuingia dukani Perry Barr kununua unga bila kusimamishwa. Mmoja amesikia kwamba nilisafiri ndani ya lori la magodoro. Mwingine ameambiwa nimebatizwa Glasgow. Dada mmoja alinishika mkono kabisa akaniuliza kama ni kweli nimemwacha mume wangu kwa sababu ya gari. Basi nimekaa chini kuandika yote mara moja, kituo kwa kituo, ili mkishasoma mniache ninunue unga wangu.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwanaidi, Mama Zuhura, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Great Barr, hapa Birmingham. Kazi yangu ni kusafisha mabehewa kwenye karakana ya treni Tyseley. Kabla ya kuja nchi hii nilisomea ufundi wa magari na nikafaulu vizuri. Hapa cheti changu hakikumshtua mtu. Walinipa ndoo na ufagio, nami nikavipokea kwa sababu mtoto alikuwa anataka kula.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la mwishoni mwa miaka ya sitini. Lina milango miwili, injini ya silinda nane, na paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma kama mgongo wa papa. Lilikuwa la jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyehamia nyumba ya kutunzia wazee. Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo. Alisema majirani wote walikuwa wakimuuliza gari litaondoka lini, mimi peke yangu ndiye niliyemuuliza linaumwa nini.

Lilikuwa linaumwa kila mahali. Kwa miaka mitatu, siku nisizokuwa na shifti, nilikuwa chini yake. Nilifungua kabureta nikaisafisha, nikabadilisha breki zote, nikaondoa tangi la petroli lililooza, nikavuta nyaya mpya mahali panya walipotafuna za zamani, nikachomelea mabati ya sakafuni. Injini ikawaka. Kikabaki kioo cha nyuma.

Kile cha mwanzo nilikivunja mwenyewe, na sifichi. Raba yake ilikuwa imekauka, nikawa na haraka, nikaichokonoa kwa bisibisi. Kioo cha nyuma si kama cha mbele. Ukikigusa vibaya pembeni hakipati ufa, kinamwagika chote mara moja. Nilibaki na punje mpaka ndani ya viatu. Cha pili niliagiza Marekani, kikaletwa mlangoni ndani ya boksi zuri sana, nilipolitikisa likalia kama njuga.

Baada ya hapo gari likakaa chini ya turubai, na mvua ya hapa mnaijua. Mume wangu, Baba Zuhura, ni dereva wa teksi, mtu mpole, lakini aibu ilikuwa imemfika shingoni. Siku moja tulikuwa na wageni wa chakula cha mchana, na mmoja akafanya mzaha kuhusu lile turubai. Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Alisema mbele ya wote kwamba gari limeshapata mtu, bwana mmoja wa Walsall, anakuja na lori lake Jumatatu ijayo.

Nilikuwa nimeshika sinia la pilau. Nililiweka mezani taratibu.

"Jumatatu ijayo," nikamwambia, "gari hili litakuwa na kioo."

Great Barr hadi Inverness

Kioo nilikuwa nimeshakipata, ingawa sikuwa nimemwambia mtu. Mzee mmoja kaskazini kabisa ya Uskoti, mahali panapoitwa Kinbrace, alikuwa na gari la aina ile ile ndani ya banda, limekufa kila kitu isipokuwa vioo. Kwenye simu aliniambia kioo kipo tayari, lakini hatakituma. Na mimi sikutaka kitumwe. Nilikuwa nimeshapokea boksi moja la njuga.

Kitu kama hicho hakibebwi na mtu mmoja. Nilimwomba Mama Neema, mwenzangu wa kazini, mtu wa Bukavu kule Kongo, mwimbaji wa kwaya, mwanamke ambaye akisema "hapana" hata treni husimama. Nilimweleza kwamba ni siku tatu, kwenda na kurudi, kwa sababu ya kioo. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama yule mzee ni mtu muzuri. Nikamwambia simjui, najua tu anaitwa Bwana Gunn.

"Jina yake ni Bunduki?" akauliza, maana kwa Kiingereza ndivyo linavyosikika. Yeye amekimbia bunduki za kweli, hakuwa anatania. Ilinibidi nimwandikie kwenye karatasi aone herufi zake ndipo akakubali.

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Mume wangu alitupita jikoni akaona mablanketi mawili, kamba, na mpira wa kumwagilia bustani ambao nilikuwa nimeupasua kwa urefu ili uvae kwenye kingo za kioo. Aliuliza mpira wa bustani unakwenda wapi. Nikamwambia Uskoti.

Tulikuwa na chapati na maharage ya nazi, Mama Neema alikuwa na makemba, zile ndizi zao za kukaanga, yaliyofungwa kwenye karatasi. Kufika Carlisle tulikuwa tumemaliza yote. Mbele yetu alikaa bwana mmoja mwenye heshima zake, akauliza tunaelekea wapi. Nikamwambia tunakwenda kuchukua dirisha. Alikuwa amefanya kazi ya madirisha ya nyumba maisha yake yote. Alitueleza habari za kioo kimoja, vioo viwili na vioo vitatu, na namna baridi inavyopita, mpaka Edinburgh. Nilijaribu mara mbili kusema ni dirisha la gari. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema nyumba yoyote, hata ikiwa ndogo, inastahili dirisha zuri.

Tulifika Inverness jioni, jua bado lipo, na mvua ipo vilevile.

Inverness hadi Kinbrace, kwa kupitiliza

Ijumaa tukapanda treni ndogo ya mabehewa mawili. Hiyo inapita ufukweni, halafu inageuka bara, na baada ya hapo huoni nyumba wala mti, ni nyasi za kahawia na maji yaliyotuama. Mama Neema alitazama muda mrefu akasema nchi yote hii na hakuna mtu aliyepanda hata muhogo.

Kondakta alikuwa amepita akasema maneno fulani kuhusu vituo vya mbele. Kiingereza chake kilikuwa na milima yake, sikukishika. Nilijibu ndiyo, ndiyo, kama tunavyojibu wote. Kumbe alikuwa anauliza nani anashuka wapi, kwa sababu vituo vile treni haisimami mpaka abiria aseme. Tukaona kibao cha Kinbrace kinakuja, tukasimama na mikoba yetu mlangoni, kibao kikapita mbele ya macho yetu, kikaenda zake.

Mama Neema aliniangalia.

"Ile ilikuwa ni kwetu?" akauliza.

Tulishushwa kituo kilichofuata, Forsinard, maili saba mbele. Treni ilipoondoka pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia kitambaa cha kichwa changu kikipigwa na upepo. Simu haikuwa na mtandao. Tulikaa kwenye benchi saa nzima, nikiwaza kwamba mume wangu angeniona hapo angekuwa na haki ya kucheka mara moja katika maisha yake.

Aliyetuokoa ni mwanamke wa posta mwenye gari jekundu. Nilipomtajia Bwana Gunn, alisema panda, kisha akasimama kwenye kila nyumba kupeleka barua, na nyumba zilikuwa tatu tu. Katika kila moja alitoka mtu kututazama.

Bandani

Bwana Gunn alikuwa mzee mrefu mwembamba mwenye koti lililoshonwa kwa kamba mahali vifungo vilipokuwa. Alitusalimia, kisha akaangalia nyuma yetu, ndani ya gari la posta, akimtafuta fundi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akaangalia tena, safari hii viatu vyangu, halafu akasema karibuni ndani, chakula kipo.

Alikuwa amepika kondoo sufuria nzima. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba sili nyama isipokuwa iliyochinjwa kwa utaratibu wetu. Alisikiliza kwa makini sana, akavaa kofia, akanichukua nje hadi kwenye ua, akawanyooshea mkono kondoo wake mmoja mmoja na kuniuliza nachagua yupi. Ilichukua muda kumfanya aelewe kwamba sikuja kuchinja. Mwishowe nilikula mayai, viazi, na samaki wa moshi mtamu ambaye nilimrudia mara mbili. Mama Neema alikula kondoo kwa niaba yetu sote.

Kisha tukaenda bandani, na hapo ndipo nilipojua maana ya neno "tayari" kwa watu wa kule. Kioo kilikuwa bado kwenye gari. Gari lilikuwa na kuku ndani, na nyasi kavu juu, na hakuna aliyeligusa tangu alipoliacha Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya jeshi lao huko pwani. Bwana Gunn alikiri kwamba alichukua zana mara nne ili akitoe, na mara nne akaogopa akazirudisha.

"Ukikivunja, hakuna kingine," aliniambia. "Kitoe wewe mwenyewe. Ikiwa ni chako, kitatoka."

Nilikuwa nasikia ule mmwagiko wa kioo cha kwanza masikioni. Nilizunguka gari mara mbili bila kufanya kitu. Kisha nikaiweka bisibisi mbali kabisa, juu ya boriti, nisije nikaishika kwa mazoea, nikachukua wembe. Nilichofanya safari hii ni kuikata raba yenyewe. Nilikata ule mdomo wake wa nje, polepole, kidole kwa kidole, mzunguko mzima, na mzunguko ule ulinichukua karibu saa mbili. Kuku walirudi kulala tukawafukuza.

Raba ilipoisha, nilimwomba Mama Neema aingie ndani, alale chali kwenye kiti cha nyuma, avue viatu na kukanyaga kioo kwa nyayo mbili na soksi, kama anasukuma mlango mzito asitake kuamsha mtu. Yeye alianza kuomba kwa sauti. Mimi nilikuwa nje, mikono imetanuka. Kona ya kushoto ikalegea, kisha ya kulia. Halafu kioo chote kikaja mikononi mwangu, kizima, kizito, kimejaa vumbi la miaka mingi na unyoya mmoja wa kuku.

Sikulia. Nilisema "Alhamdulillahi" na nikaomba mtu aniletee blanketi. Bwana Gunn alileta la kitandani kwake, akasema yale niliyo nayo hayatoshi.

Kinbrace hadi Pitlochry

Tulilala kwa Bwana Gunn, na Jumamosi asubuhi tulisimama kwenye kituo cha Kinbrace tukijua sasa desturi za hapo. Treni ilipotokea, Mama Neema alivua kitenge chake cha begani na kukipunga hewani kwa nguvu zote. Bwana Gunn alisema hajawahi kuiona ile treni ikifunga breki mapema kiasi hicho.

Inverness tulibadilisha. Mwanamke wa mlangoni alitazama mzigo wetu, umefungwa mablanketi matatu na kamba, akasema mahali pale pa wazi ni pa baiskeli tu. Nilimuuliza baiskeli ina urefu gani. Akafikiri. Nikamwambia kioo changu ni kifupi kuliko baiskeli, hakina mafuta wala matope, na hakitamgonga mtu kwenye goti. Alipima kwa macho, akatupisha, ila alitukumbusha kwamba akija mwenye baiskeli tutahama. Tulisimama wawili, huku na huku, tukitazama kila mtu aliyeingia kama mwizi.

Baiskeli haikuja. Ulikuja mti. Ulianguka juu ya reli mahali fulani mbele, treni ikaishia Pitlochry, tukaambiwa tushuke, mabasi yanakuja. Basi likaja. Dereva alifungua sehemu ya mizigo chini, akasema kioo kilale humo. Nilimweleza kwamba kikilala na masanduku juu yake hakitafika. Akasema juu hakipandi. Nikasema chini hakishuki. Abiria walianza kugonga madirisha. Bwana mmoja alitoa kichwa akasema ni kioo tu, bibi, watu wana safari zao.

"Na mimi nina yangu," nikamwambia.

Dereva alifunga milango, basi likaondoka, na mengine hayakuja tena kwa sababu lile ndilo lilikuwa la mwisho. Tukabaki kwenye baraza la stesheni, mimi, Mama Neema na kioo, na mvua ikaongezeka.

Hapo ndipo mwenzangu alipochoka nami. Alikuwa na haki. Jumapili ilikuwa siku yake ya kuimba, kwaya ilikuwa imefanya mazoezi miezi, naye alikuwa ameahidi kurudi. Alikaa akanipa mgongo.

"Juu ya nini haukuiacha aipange kule chini?" akasema. "Ni gari, Mama Zuhura. Gari tu. Bwana yako angekununulia ingine, ndogo, muzuri."

Nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia hata mume wangu. Nilimwambia kwamba miaka kumi na moja kazini nimepita na ufagio nyuma ya mafundi nikiwaona wanakosea, nikanyamaza. Kwamba mahali pekee katika nchi hii ninapokuwa fundi ni chini ya gari lile. Likichukuliwa na lori siku ya Jumatatu, litamchukua na huyo fundi, nitabaki na ndoo.

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa bati juu yetu. Kisha akageuka.

"Mimi nilitoka kwetu mikono bule," akasema. "Usiku ile hatukubeba hata sufuria. Leo niko na kitu ya kubeba, na hakuna mutu ananikimbiza. Simama. Tubebe."

Pitlochry hadi Glasgow, kati ya magodoro

Tulikibeba hadi barabara kuu, tukasimama mbele ya kituo cha petroli, na Mama Neema akatumia kitenge kile kile. Magari mengi yalipita. Aliyesimama alikuwa Singasinga wa Glasgow, mtu wa makamo, dereva wa lori la magodoro. Alidhani tumepata ajali. Tulipomweleza, alifungua milango ya nyuma, akatuonyesha magodoro yamesimamishwa wima mengi kama vitabu kwenye rafu, akachomoa moja, tukakiingiza kioo katikati, laini huku na laini huku. Tangu kitengenezwe, nadhani kioo kile hakijapata kustarehe kama siku hiyo. Sisi tulikaa mbele naye. Kwa hiyo aliyesema nililala kwenye magodoro amekosea: kilicholala ni kioo.

Njiani alitupa chai kutoka kwenye chupa yake, yenye tangawizi na iliki, tamu kama ya kwetu. Aliniuliza injini ni ya ukubwa gani. Nilimweleza kila kitu, kuanzia kabureta mpaka sakafu, na aliuliza maswali ya mtu anayejua. Nilizungumza mfululizo mpaka Mama Neema akasinzia.

Glasgow Mama Neema alikuwa na watu, familia ya Uvira wanaosali katika kanisa la Wakongo wa hapo. Walitupokea kwa bugali, yaani ugali wao, sombe, ambayo sisi twaita kisamvu, na samaki, wakatuwekea godoro sebuleni, na kioo wakakiegemeza kabatini na kuwakataza watoto kupita upande ule wa nyumba.

Jumapili treni yetu ilikuwa ya mchana, na Mama Neema alisema kama haimbi Birmingham ataimba hapo hapo. Nyumba ilikuwa inafungwa, wote wanakwenda ibadani, na sisi tungetoka huko moja kwa moja hadi stesheni, kwa hiyo kioo hakiwezi kubaki. Basi tukaenda nacho. Nilikaa nyuma na mtandio wangu, watu wema wakaniletea kiti chenye mto. Kioo kilisimamishwa mbele, karibu na ngoma, ndani ya mablanketi yake.

Mama Neema aliimba. Sijui lugha yote ya wimbo ule, lakini nilisahau kuangalia saa. Alipomaliza, mchungaji alisimama akasema wageni hawakuja mikono mitupu. Akaelekeza mkono kwenye kioo. Alisema kwamba kwa muda mrefu dirisha la upande la kanisa lilikuwa limezibwa kwa mbao, na leo Bwana amewatuma akina mama wawili kutoka Birmingham, tena mmoja ni Mwislamu, kuleta dirisha jipya. Watu wakasimama kushangilia. Wanaume wawili wakaanza kufungua kamba.

Nilisimama mimi. Kanisa zima likageuka. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo kwamba nawashukuru kwa chakula na kwa malazi, naheshimu nyumba yao, lakini kile ni kioo cha gari langu na hakifunguliwi mpaka Great Barr. Kisha bibi mmoja mbele alianza kucheka, akacheka mpaka akashika kifua, na kanisa lote likamfuata, mchungaji akiwa wa mwisho. Wale wanaume wawili walifunga kamba upya, na ndio waliotubebea hadi stesheni. Habari ya ubatizo imetokea hapo, na sasa mnajua ilivyokuwa.

Perry Barr hadi nyumbani, kwa miguu

Treni ya kurudi ilijaa, tukasimama karibu safari nzima, lakini ilifika. Kwenye stesheni ya New Street tukabadilisha hadi Perry Barr. Ilikuwa jioni ya kiangazi, jua liko juu bado. Dereva wa basi alitazama mzigo akatikisa kichwa kwa upole. Sikubishana. Tulikuwa tumeshatoka mwisho wa Uskoti, zilibaki maili mbili.

Tukaanza kupanda Walsall Road, mimi mbele na Mama Neema nyuma. Tulipumzika kila baada ya nguzo chache, tukikishusha kioo juu ya viatu vyetu ili kisiguse lami. Mwenye duka la kuku wa kukaanga alitoka akasimamisha magari tuvuke. Mabega yalikuwa yanawaka moto.

Nusu ya njia, teksi ikapunguza mwendo pembeni yetu. Kioo cha dirisha kikashuka. Mume wangu. Binti yetu Zuhura, niliyempigia simu kutoka stesheni, alikuwa amemwambia tumefika.

"Ingieni," akasema.

"Hakiingii," nikamjibu.

"Kiacheni dukani kwa watu. Tutakifuata kesho."

"Hakiachwi."

Alinitazama. Nadhani nilikuwa wa kutisha, siku nne na nguo mbili. Nilingoja maneno ya Jumatatu na lori. Hakuyasema. Alipandisha dirisha, akarudi nyuma yetu, akawasha taa za dharura, na akatufuata kwa mwendo wa miguu yetu. Magari yalipiga honi nyuma yake. Mengine yalimpita madereva wakimtukana. Mtu anayeogopa kuchekwa na wageni wanne mezani aliziba njia yote ile ya Walsall Road mpaka nyumbani, mikono miwili kwenye usukani, akitazama mbele.

Jumatatu

Niliamka alfajiri, nikasali, nikavua turubai. Raba mpya nilikuwa nayo. Niliivisha kioo mzunguko mzima, nikalaza kamba nyembamba ndani ya mfereji wake, Zuhura akanikorogea sabuni ya maji huku akiniambia kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba nimechanganyikiwa na kwamba anajivunia. Kazi yenyewe inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani ya gari anavuta kamba, na kila inapotoka inauvusha mdomo wa raba juu ya ukingo wa bati. Mwingine yuko nje, anasukuma kwa viganja. Mama Neema alikuwa shifti ya asubuhi.

Mume wangu alitoka na kanzu ya nyumbani, akakunja mikono ya kanzu.

"Nishike wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Niliingia ndani, nikaanza kuvuta. Mara ya kwanza kona ya juu ilikataa, ikabidi tutoe tuanze upya. Mara ya pili alikuwa anaona alichokosa kukiona mwanzo. Alisema kupitia kioo, sauti ikija kwa mbali, kwamba nivute polepole, bado kidogo upande wake wa kulia. Kamba ilitoka yote. Raba ikakaa. Nilipiga kioo kwa kifundo cha kidole, kikalia sauti nzito ya kitu kilichotulia.

Saa tatu bwana wa Walsall alifika na lori lake na minyororo. Nilimwendea na sabuni mikononi, nikamwambia gari haliuzwi. Alinipita kwa macho, akamwambia mume wangu kwamba walikubaliana.

"Tulikubaliana," mume wangu akasema. "Nilikosea. Gari si langu, ni la huyu. Na mimi sikumuuliza."

Alimsaidia yule bwana kugeuza lori, maana njia yetu ni nyembamba. Kisha akarudi, akasimama kando ya gari, akaniuliza kama breki naziamini.

"Nimezifunga mwenyewe," nikamwambia.

Akafungua mlango wa abiria akaingia. Shifti yangu ilikuwa ya mchana, nikaendesha hadi Tyseley. Injini ile ikiunguruma kifuani unajua uko hai. Njia nzima alishikilia kiti kwa mkono mmoja, lakini hakusema nipunguze.

Niliegesha ndani ya ua wa karakana, kwenye safu wanayoegesha mafundi. Wakatoka mmoja mmoja. Mkubwa wao alizunguka gari, akainama akatazama chini, akafungua boneti, akapitisha kidole kwenye raba ya kioo cha nyuma kutoka kona hadi kona. Aliuliza ni gereji gani iliyofanya kazi hii, na fundi wake nani.

Nilimtajia jina langu kamili. Hakulishika, kwa hiyo nikalirudia polepole, silabi kwa silabi, mpaka akaweza kulitamka.